Picha Zimepotea, na Shangazi Yuko Njiani

Kwanza, toa mkono kwenye kompyuta. Umeme umekatika programu ya picha ikiwa kazini, umerudi, umeifungua, na palipokuwa na harusi tatu, Idi na maulidi za miaka kumi pamebaki peupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Mtaa mzima wa Buyenzi utakuletea dawa: izime uiwashe, futa programu uiweke upya, mpelekee yule kijana wa redio za magari. Washukuru wote, wape chai, na usifanye hata moja.

Muuza sukari wa soko la Ruvumera akipoteza daftari, magunia hayajatoka ghalani. Programu nyingi za kupanga picha hutunza daftari tu: picha ipi iko wapi, uliipa jina gani. Mara nyingi kinachoharibika ni hilo. digiKam huliweka kwenye faili linaloitwa digikam4.db, la Lightroom lina mkia wa .lrcat. Basi tafuta diski nzima mafaili ya .jpg. Ukiyakuta kwa maelfu, shusha pumzi, yanakili kwenye diski ya nje, ndipo uhangaike na daftari.

Na kama picha zenyewe zimefutika? Usilie bado. Kwenye memori kadi au diski ya zamani inayozunguka, kufuta kwa kawaida ni kuondoa anwani. Nyumba inabaki imesimama mpaka aingie mpangaji mwingine. Kila wimbo unaoupakua sasa ni mpangaji, ndiyo maana nimekwambia utoe mkono. Chukua programu ya PhotoRec ya Christophe Grenier, ni ya bure, lakini ipakue kwenye kompyuta ya jirani. Hupekua diski kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo picha ya JPEG huanza nazo, FF D8 FF. Inachookoa kiweke kwenye diski nyingine, la sivyo harusi ya kaka itafunika harusi ya dada. Simu za leo na diski za SSD ni ngumu zaidi: nyingi husafisha chumba mara mpangaji anapotoka, na hapo tegemeo ni nakala ya zamani.

PhotoRec hurudisha picha bila majina: f0183424.jpg na wenzake, kwenye mafolda ya recup_dir. Tarehe huwa imo ndani ya picha, ila kamera yetu ilirudi mwaka 2000 kila betri ilipotolewa. Kwa hiyo mwite shangazi. Mwambie ukweli, mpe kiti, mkuzie picha. Wangu alitazama mkono mmoja wenye hina, uso hauonekani, akasema: "Huyu bibi yako wa Uvira. Hiyo pete aliiuza mwaka uliofuata." Akiona kitenge cha sare anakutajia harusi, mshonaji, na nani aligoma kuchanga.

Andika kila analosema, na uichague ile sehemu ya programu inayoandika maelezo ndani ya faili la picha lenyewe, daftari lisije likaondoka nayo tena. Nakala moja ipeleke ikalale kwa ndugu, Kinama au popote, mbali na nyumba yako.

Sisi tulianza baada ya alasiri. Ilipoadhiniwa magharibi tulikuwa picha ya arobaini na moja, na shangazi akaniambia nisizime: kesho anakuja na dada yake.