Kuku Hawaingii Hifadhini

Sisi wa Mbagala jina la Kilwa tunalo mdomoni kila siku, maana barabara inayotupeleka Kariakoo na kuturudisha nyumbani ndiyo Barabara ya Kilwa. Kufika Kilwa kwenyewe ni habari nyingine. Baba Watoto alipoazima gari la kaka yangu, akaandika ratiba na kuibandika kwenye friji: alfajiri safari, mchana Kilwa Masoko, kesho yake magofu ya Kisiwani. Wakati wa kurudi tungekata kona Kibiti hadi Mloka na lango la Mtemere, watoto wakaone tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019.

Ratiba haikumtaja Mama mkwe, naye alishakaa kiti cha mbele na mkoba wake mapajani.

Mama mkwe ni mzaliwa wa Rufiji, na kwake kupita mlangoni kwa ndugu bila kubisha hodi ni tusi. Mkuranga tukapiga hodi, tukaondoka na nazi. Kibiti kwa mdogo wake tulikaribishwa chai, chai ikageuka ubwabwa, na ubwabwa ukasindikizwa na kiroba cha korosho. Ikwiriri tukapewa mkungu wa ndizi, jogoo na mtetea. Kila buti lilipofunguliwa, Baba Watoto alisema "asanteni sana" kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Akitaka kufidia muda, akapita kibao cha 50 mbiombio. Trafiki alikuwa na tochi yake mbele kidogo. Shilingi 30,000 zikaenda.

"Hizo ungempa mjomba wako," akasema Mama mkwe.

Kwenye Daraja la Mkapa watoto walichungulia viboko, wakaambulia mitumbwi. Daraja hilo lina urefu wa karibu kilometa nzima, na kabla halijafunguliwa mwaka 2003 watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu. Mama mkwe akatusimulia walivyolala ng'ambo na mizigo yao wakingoja zamu. "Leo mnapita kwa dakika mbili, bado mnanuna."

Tukapita Somanga, ambako Kimbunga Hidaya kilikata barabara Mei 2024. Baada ya hapo, paa! Tairi la nyuma. Tairi la akiba lilikuwa chini kabisa ya buti, likilaliwa na ukoo mzima. Tukashusha kimoja kimoja: nazi tukazipanga kando ya lami zisibingirike, kiroba cha korosho, mkungu, kuku wamefungwa miguu. Jeki ikapatikana, spana haikupatikana. Mara bodaboda akasimama, akainua nazi moja, akaitikisa sikioni.

"Bei gani, mama?"

Baba Watoto akafumba macho. Mama mkwe akasema, "Hatuuzi, mwanangu. Chukua hizo mbili." Kijana akazifunga kwenye pikipiki, kisha akauliza tumepatwa na nini. Spana alikuwa nayo chini ya kiti. Tairi lilibadilishwa kabla jogoo hajamaliza kulalamika, na kijana akatutangulia hadi Nangurukuru kwa fundi wa pancha anayemfahamu. Masoko tuliingia usiku.

Asubuhi tukalipa kiingilio, boti ikatuvusha Kisiwani. Kwenye Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuanzwa karne ya 11, Mama mkwe alivua ndala na kuomba dua mbele ya mihrabu. Kwenye jumba la Husuni Kubwa alizunguka bwawa la kuogea lenye pembe nane, kisha akauliza jiko lilikuwa wapi.

Mtembeza wageni akatusimulia habari aliyoiandika Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Sultani Hassan bin Suleiman alikuwa akitoka kuswali Ijumaa, fukara kutoka Yemen akamwomba nguo zilezile alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Baadaye akamwongezea na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Umesikia, baba? Wala hakulalamika kuwa buti limejaa."

Siku ya kurudi, Kibiti, tukasimama kwenye kona ya Mloka. Nikamkumbusha Baba Watoto kwamba hifadhi ya taifa haiingizwi mifugo. Akawatazama jogoo na mtetea. Mama mkwe akasema kuku wa zawadi hawaachwi njiani. Tukanyoosha Mbagala.

Sasa kuna ratiba mpya kwenye friji: Mikumi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, twiga unawaona dirishani, na Barabara ya Morogoro, anasema Baba Watoto, haina ndugu hata mmoja.

Jana Mama mkwe aliisoma, akauliza kama tumeshamsahau shangazi wa Chalinze.