Jinsi ya Kujenga Setilaiti na Watu Usiowahi Kuwaona

Hongera, ufadhili umepatikana. Wewe na wenzako wa Dar es Salaam mtatengeneza setilaiti ndogo pamoja na wanafunzi wa Ujerumani, India na California. Udogo wake usikudanganye. Kipimo chake, kilichobuniwa mwaka 1999 na maprofesa wawili wa huko huko California, ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Unakaa kiganjani. Kitu kidogo hivyo darasa moja lingekimaliza, na ndiyo maana kinahitaji mabara manne.

Anza na kikao. Mmoja wenu wa Dar aandike kwenye kundi la WhatsApp, "Tukutane 3:00", akiwa na maana ya saa tatu usiku, halafu azime simu. Wajerumani wataamka saa tisa usiku, wanawe uso, wakae mbele ya kompyuta wakingoja. Mkishaombana radhi, chagueni saa tatu asubuhi ya California, kila Alhamisi. Hapo Dar ni saa mbili usiku, Ujerumani saa kumi na mbili jioni, na India ni saa nne na nusu usiku. Hiyo nusu saa ya India ni tunu. (Nepal imeongeza robo saa juu yake, mkipata nafasi, waalikeni.)

Kisha subirini Machi. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya mwezi huo, watu wa Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho, na sisi na Wahindi hatusogezi kitu. Kwa wiki mbili au tatu, wote walio nje ya Marekani watafika kikaoni saa nzima baadaye na kukuta Wamarekani wameshakubaliana. Maamuzi ya wiki hizo ndiyo hudumu.

Lakini neema yenyewe iko kwenye michoro. Mjerumani akichora kipande, kinachoonekana ukisimama upande wa kulia hukichora kushoto. Mmarekani hukichora kulia. Wote wawili wako sahihi kwa taratibu za kwao, na kwenye kona ya karatasi kuna alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha inayoeleza ni utaratibu upi umefuatwa. Ifuteni. Kipande kitatoka karakana ya California kinang'aa, matundu yote mahali pake, ila kimegeuka, mithili ya ndara mbili za mguu wa kushoto. Namba nazo msizisahau. Unene wa bamba ukiandikwa 2,500 kwenye jedwali la Mjerumani, ni milimita mbili na nusu. Kwenu Dar ni mita mbili na nusu za alumini, kwa kisanduku cha kiganjani. Fundi atakuuliza mara mbili kama una hakika. Mwambie ndiyo, mchoro umetoka Ujerumani.

Vizio vya vipimo msiandike kabisa. Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu ya Lockheed Martin ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi, huku waongozaji wa chombo wakizisoma kama nyutoni. Na hao walikuwa nchi moja, wanazungumza lugha moja, Colorado na California zikipishana saa moja tu. Ninyi mna nafasi ya kufika mbali zaidi.

Jihadharini na mfano mbaya wa Japani. Katika mradi wa BIRDS, Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu iliwaita wanafunzi wa nchi mbalimbali na kuwaweka maabara moja. Waganda na Wazimbabwe wakafanya kazi bega kwa bega huko, na Novemba 2022 setilaiti zao, PearlAfricaSat-1 na ZimSat-1, zikapaa kwa roketi moja. Huko ni kuiba mtihani. Mtu akikosea kipimo jirani yake anamwona palepale, na kosa linakufa kabla halijapanda ndege.

Lenu lipandisheni. Betri za lithiamu zina masharti yake ya kusafirishwa kwa anga. Pakieni kwanza, masharti mtasomewa na watu wa forodha. Tarehe ya kuzituma andikeni 03/04. Mmarekani atazituma Machi 4, ninyi mtakwenda kuziulizia Aprili 3.

Mwisho, gawaneni kazi. Wajerumani wachukue fremu, Wamarekani kompyuta, Wahindi redio, ninyi kamera. Kila kundi litamaliza sehemu yake na kupiga nayo picha. Nyaya za kuziunganisha sehemu hizo asipewe mtu hadi kikao cha mwisho. Siku hiyo ngojeni mpaka mtandao wa yule ndugu wa India ukatike, sura yake igande kwenye skrini, mdomo wazi. Hapo mwenyekiti aulize kama ana pingamizi kupewa nyaya. Katibu ahesabu hadi tatu, kisha aandike kwenye kumbukumbu: amekubali.