Idi, Pilau na Sikinde Mara Mbili

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam ya miaka ya 1980, Idi ilikuwa na sehemu tatu: sala asubuhi, pilau mchana, dansi usiku. Mume wangu, Baba Zuhura, akaongeza ya nne. DDC Mlimani Park, hao Sikinde, walikuwa wanapiga mchana kwa ajili ya watoto na usiku kwa ajili ya wakubwa, palepale Kariakoo.

"Usiku si tunakwenda wote?" nikamwuliza.

"Usiku ni wetu, Mama Zuhura. Mchana nawapeleka watoto. Idi ni ya watoto."

Watoto wenyewe walikuwa Zuhura, aliyekuwa akililia bembea, na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya. Huyo wa pili nilimkatalia.

Mapenzi ya bendi nyumbani kwetu Magomeni yalikuwa kama ya Simba na Yanga. Shemeji yangu alikuwa mtu wa Juwata, wale wa Msondo, na tangu waimbaji Gurumo na Bitchuka walipohama huko wakaenda Mlimani Park, ndugu hawa wawili hawakusikiliza redio chumba kimoja. Baba Zuhura alikuwa na Sikinde tangu bendi ilipoanzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ilipoichukua mwaka 1983 alishangilia utadhani kaajiriwa yeye.

Basi akaondoka na Zuhura, kaunda suti imenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Huku nyuma wajomba wakaingia kutoka Kisarawe. Pilau nimeshaipalia makaa, harufu imefika kwa majirani, naenda stoo kutoa masinia: kufuli. Sukari siku zile ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo stoo yetu ilifungwa na ufunguo alikaa nao Baba Zuhura mwenyewe.

Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikajifunga khanga, nikavuka Jangwani kwa miguu.

Mlangoni nikadaiwa kiingilio.

"Sikuja kucheza, kaka yangu. Nimefuata ufunguo."

"Mama, humu ndani kila mtu kafuata kitu."

Nikalipa. Huyo kijana wala simlaumu. Nyimbo za bendi zilirekodiwa Redio Tanzania na kusikika nchi nzima, lakini kilichoiweka bendi mjini ni mlango wa ukumbi. Ndiyo maana sikukuu ikifika walipiga mchana, na jua likizama wakapiga tena.

Ndani nikawakuta mbele kabisa, Zuhura kakaa mabegani kwa baba yake. Wimbo ulikuwa bado kwenye maneno, taratibu, waimbaji wanapokezana. Nikaanza kupenya. Kabla sijafika, chemko, ile sehemu ya kasi, likaanguka: magitaa yakajibizana, tarumbeta na saksafoni zikaingia, na watoto wote wa Kariakoo wakanizingira wakiruka. Mtu hapiti katikati ya chemko. Nilimfikia muziki uliponyamaza.

"Ufunguo wa stoo uko wapi?"

Akapapasa suruali. Akapapasa koti. Kisha akanyamaza, nami nikajua. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa kanzu aliyosalia Idi, na kanzu ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chetu.

Niliporudi nyumbani hapakuwa na kesi tena. Mama mkwe alikata majani ya mgomba uani kwa jirani, akatandika juu ya nyungo, akapakua. Wajomba walikuwa wameshiba wamejinyoosha mkekani, na kuhusu masinia hakuna aliyeuliza.

"Pilau haimsubiri mcheza dansi," akasema mama mkwe. "Na usiku nami nakwenda. Nataka kukiona hicho kinachoiba watu."

Tukaenda. Sasa ndipo nilipomwelewa mume wangu, ingawa sikumwambia. Nyimbo nyingi zilikuwa zilezile za mchana, lakini walizipiga kwa namna nyingine. "Talaka ya Hasira", ambayo mchana waliipitisha haraka kwa sababu watoto hawana talaka, usiku waliikalia. Maneno yalisemwa polepole, wanawake wa meza ya jirani wakitikisa vichwa, nami nikimtazama Baba Zuhura kwa jicho la pembeni. Na chemko lake halikutaka kwisha: gitaa la solo linasema, la pili linajibu, besi inasukuma, mashati yameloa.

Mama mkwe, Mzaramo wa kuzaliwa, alikaa kimya akisikiliza ngoma tu. Jina la Sikinde limetoka kwenye ngoma ya kwao, na alikuja kukagua.

"Hii ni yetu," akatoa hukumu. "Vijana wameitia umeme, basi."

Kisha akafungua pindo la khanga, akainuka, akaenda kumtunza mwimbaji noti iliyokuwa nauli yetu ya kurudi. Tulirudi Magomeni kwa miguu, yeye akiwa mbele.

Kwa hiyo, bendi uipendayo ikipiga mara mbili kwa siku, usimcheke anayekwenda zote mbili. Mchana utasikia nyimbo, usiku utasikia bendi. Ila kiingilio ulipe mara zote mbili, maana ndicho wanachokula wanamuziki, na ufunguo wa stoo akae nao anayepika.