Namna ya Kumsikiliza Mgombea Anayelia: Mwongozo kwa Mkazi wa Nyakato, Mwanza

Fika mapema. Mkutano ukitangazwa kuanza saa 9 alasiri, wewe uwe uwanjani saa 7, na usikimbilie jukwaani. Simama upande ambako magari yanashusha watu. Hapo utawaona wapambe wakiwa kazini, na kazi yao inafaa kutazamwa kwa makini kuliko ya bosi wao. Yupo anayegawa kofia. Yupo anayewapanga kina mama wenye kanga za sare mstari wa mbele, pale kamera zitakapoelekea. Yupo mwenye simu sikioni anayefoka kwamba bodaboda za Buzuruga zimeshawekewa mafuta, mbona hazijafika? Juu ya gari la matangazo, mshereheshaji anawafundisha watu kuitikia: nikisema hivi, nyie semeni vile, kisha mikono juu. Wanarudia mpaka sauti iwe moja. Mgombea akifika na uwanja ukalipuka, utakumbuka kwamba shangwe hiyo uliisikia ikifanyiwa mazoezi jua likiwa bado utosini.

Usikasirike. Kujiandaa si kudanganya, na watu wa kanda hii hatuhitaji kufundishwa hilo. Kila Juni kwenye tamasha la ngoma la Bulabo, pale Bujora, Kisesa, vikundi vya Wagika na Wagalu hucheza wakitazamana, na mshindi ni yule atakayevuta watu wengi upande wake. Wanakuja na mavazi, nyoka, mbwembwe za kila aina na dawa juu yake. Hakuna anayemwita mcheza ngoma mnafiki kwa sababu alifanya mazoezi. Lakini pia sijamwona mtu akimkabidhi mcheza ngoma hela za zahanati kwa sababu alijivika chatu shingoni vizuri.

Kwa hiyo mgombea akianza na salamu ya Kisukuma na nyie mkataka kuitikia kwa furaha, itikieni. Salamu ni ya kwenu. Jiulize tu ni nani aliyemwandikia kwenye karatasi, na kama jina la yule mzee wa kata alilotamka kwa mapenzi makubwa lilinong'onwa sikioni mwake akiwa ngazini.

Wapambe wa siku hizi si lazima watoke Ilemela, wala Tanzania. Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza ilionyesha video iliyorekodiwa kwa siri, ambamo Mark Turnbull, mmoja wa viongozi wa kampuni ya Cambridge Analytica, anajisifu kwa kazi waliyofanya kwenye kampeni za Uhuru Kenyatta nchini Kenya za 2013 na 2017. Alisema walikibadilisha chama sura mara mbili, wakaandika ilani, wakahoji makumi ya maelfu ya watu, wakaandika hotuba na kupanga maonyesho yote. Chama cha Jubilee kilijibu kwamba kampuni mama iliajiriwa kwa shughuli ya nembo na mwonekano tu. Hata ukiamini nusu ya majisifu yale, fikiria mkulima wa Kiambu aliyesimama juani akiguswa na maneno yaliyopikwa na mgeni baada ya kupima hofu zake yeye mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma. Hotuba kuandikwa na mtu mwingine ni jambo la kawaida. Hofu yako kuchukuliwa, kupimwa na kurudishwa kwako ikiwa imevishwa sauti ya mapenzi, hilo si la kawaida na tusilizoee.

Sasa vitendo vya mwili. John Magufuli alipopiga pushapu jukwaani akigombea urais mwaka 2015, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Afya ya mpinzani wake, Edward Lowassa, ilikuwa ikizungumzwa nchi nzima, na pushapu zile zilikuwa jibu. Nguvu ilikuwa ya kweli. Lakini hazikukuambia kwamba mikutano ya hadhara ya vyama ingezuiwa kuanzia 2016, hata ikasubiri Januari 2023 kuruhusiwa na Rais Samia Suluhu Hassan. Wala hazikukuambia kwamba Desemba 2019 angeweka jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi, ambalo tangu Juni 2025 limetuondolea kusubiri kivuko. Mtu ni yule yule na misuli ni ile ile. Ukiona mgombea anapiga pushapu, anakula mhogo wa kuchoma au anapiga magoti vumbini, andika kwenye daftari lako "ana afya" au "ana njaa" au "ana magoti", basi. Usiongeze.

Machozi ndiyo magumu zaidi, na hapa nakuomba utulie. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni, Dodoma. Siku chache kabla, akiwa ziarani, alikuwa amesema wanaoua watu wenye ualbino nao wauawe, na bungeni akatakiwa ajieleze. Sauti ikamkatika. Mimi naamini machozi yale yalikuwa ya kweli kabisa. Hakuna mpambe mwenye akili ambaye angemshauri Waziri Mkuu alie mbele ya taifa namna ile. Mwezi huo huo serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi ili kuzuia mauaji hayo. Kisha Desemba 2014 mtoto wa kike wa miaka 4 mwenye ualbino aliibwa usiku nyumbani kwao Kwimba, mkoa wetu huu huu wa Mwanza. Januari 2015 serikali ikatangaza upya kuwapiga marufuku wapiga ramli, miaka 6 baada ya tangazo la kwanza, na Waziri Mkuu akiwa yule yule.

Ndiyo maana nasema tumezoea kuuliza swali lisilotosha. Tunauliza kama uchungu wa kiongozi unatoka moyoni au umefundishwa. Uchungu wa Pinda ulitoka moyoni, na mtoto wa Kwimba akachukuliwa. Baada ya machozi, ya kweli au ya kufundishwa, swali la mwananchi ni: agizo lilitoka lini, polisi walipewa nini, nani alifuatilia?

Kipimo kingine ni kumbukumbu, nacho hakihitaji hela. Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya watu ambao chama chake kiliwaita mafisadi, na Lowassa alikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Julai 2015 akahamia CHADEMA, na wengi waliokuwa wamekaukiwa sauti wakimlaani wakakaukiwa sauti wakimshangilia. Upande wa pili, wana CCM waliokuwa wamemsifu miaka nenda rudi wakagundua ghafla kwamba hafai; Machi 2019 aliporudi, wakampokea kwa kumbatio. Hasira ile na mapenzi yale vilitolewa kwa sauti kubwa kote kuwili, na vilibadili mwelekeo kwa amri ya vikao. Slaa alikataa kugeuka, akaachia nafasi yake. Mwaka 2017 Rais Magufuli alimteua kuwa balozi, na wapo wanaosema yalikuwa malipo. Mimi bado naupa uzito uamuzi wa 2015, kwa sababu alikuwa na cheo kikubwa cha kupoteza, akakipoteza.

Tafuta gharama, basi. Mgombea anayelia kwa ajili ya wavuvi wetu, amewahi kumuudhi nani mwenye nguvu kwa ajili yao? Kama alikuwa mbunge, fungua simu usome kumbukumbu za Bunge. Maswali na michango ya wabunge imo kwenye tovuti ya Bunge. Ukumbini kule hakuna muziki wala kanga za sare. Kama suala linalomliza leo Nyakato hakuwahi kulitaja Dodoma miaka 5 mizima, umepata jibu.

Hela ya soda ikipita, ikatae. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba takrima kwenye uchaguzi inakwenda kinyume na Katiba, na haikuweka msamaha kwa noti ndogo.

Halafu tunza daftari. Andika ahadi kwa maneno aliyoyatumia, tarehe, mahali na waliokuwepo. Mwombe jirani yako naye aandike, mlinganishe mkirudi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, na najua huwa tunajaa watu kumi na wawili wakati mkutano wa kampeni ulijaza uwanja, nenda nalo. Simama, soma ulichoandika, ukae, usubiri kujibiwa.