Waya Usiotikisika

Waya wa kawaida una adabu zake. Ukikatika, unauona. Ukilegea, unautikisa mpaka redio ikohoe na kurudi hewani. Hata panya akiutafuna, ushahidi anauacha hapohapo. Ni nani basi aliyewaambia watengeneza programu kwamba tunahitaji waya usioonekana wala kushikika, unaoishi tumboni mwa laptopu na kupeleka sauti unakotaka wenyewe?

Haja yangu ni ndogo. Nina kipindi changu cha mtandaoni ambamo nahoji wazee wa kazi za zamani. Nataka mgeni aliye kwenye simu ya video anisikie, asikie na wimbo ninaoupiga kwenye kompyuta, na vyote virekodiwe. Lakini kuiambia laptopu ichukue muziki uliomo ndani yake iuingize kwenye mazungumzo yaliyomo humohumo ndani ni kama kuomba viza. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, wewe unahitaji waya pepe." Akaupakua, akausimika, akazima mashine na kuiwasha, akaenda zake chuoni.

Waya pepe hauji peke yake. Kwenye orodha ya spika, palipokuwa na spika moja, sasa pana ukoo mzima. Na majina yake! Upande ninaotakiwa kupigia muziki umeitwa "ingizo", na upande wa kuchotea sauti, ule unaojifanya maiki, umeitwa "towe". Mpwa anasema ni sahihi kabisa, kwa sababu majina yanatolewa kwa kuufikiria waya wenyewe: kinachotoka kwenye programu yangu kinaingia kwenye waya. Sawa. Lakini mimi sikai ndani ya waya. Nakaa Kimara.

Tena ulipoingia tu ulijiteua kuwa spika kuu ya nyumba. Video zote zikabaki midomo inachezacheza bila neno. Ukiongeza sauti mpaka mwisho, ni kimya. Taa za kijani kwenye skrini zinapanda na kushuka kwa furaha, maana sauti ipo, tena nyingi, inamiminika kwenye waya ambao upande wa pili hakuna anayesikiliza.

Halafu kuna ugomvi wa 44,100 na 48,000. Ni idadi ya mara ambazo sauti hupimwa kwa sekunde moja. Namba ya kwanza ililetwa kwetu na CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, nazo ziliirithi kutoka mashine za mikanda ya video zilizotumika kuhifadhi sauti za kidijitali. Ya pili ndiyo wanayoipenda watu wa video. Zaidi ya miaka arobaini hawajapatana, na kikao cha usuluhishi kimehamishiwa kwenye laptopu yangu. Kilichorekodiwa kwa 44,100 kikichezwa na programu inayoamini ni 48,000, mazungumzo ya saa nzima yanaisha kwa dakika 55, na mzee wa watu anapewa sauti ya mjukuu wake.

Mgeni wangu wa juzi alikuwa fundi redio mstaafu wa Tanga. Waya ulichukua kila kilichokuwa kinaelekea kwenye spika, sauti yake ikiwemo, ukamrudishia baada ya kitambo. Na mtu akisikia maneno yake yakimfuata nyuma kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, ulimi humkwama. Mzee aliyeniamkia kwa ufasaha wote akaanza kugugumiza. Vituo vya redio vina dawa ya jambo hili tangu enzi za simu za mezani: mpigaji hupelekewa kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe. Dawa ya mpwa wangu, kwa njia ya meseji, ilikuwa waya pepe wa pili.

"Mwanangu," mzee akauliza, "huo waya umeuchomeka wapi?"

"Haujachomekwa popote, mzee."

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Sasa ukisumbua, unatikisa nini?"

Swali hilo nililipeleka kwa mpwa jinsi lilivyo. Akanishauri nihamie Linux, nitumie JACK, programu ya kuunganishia sauti aliyoianzisha Paul Davis, ambako unaweza kuona kwenye skrini mistari inayotoka kisanduku hadi kisanduku. Nilivutiwa, nisiseme uongo. Angalau huko waya una sura. Kisha akanitumia picha ya skrini ya mtu anayejua kazi, na sikuona mstari unapoanzia wala unapoishia.

Mzee ndiye aliyetukwamua. Akasema nimpigie kwa simu ya kawaida, niweke sauti ya nje, niilaze mbele ya maiki. Wimbo nikaupiga kwenye redio ya jikoni. Tukaongea mpaka salio likaisha.

Mpwa aliporudi akasikiliza, akakunja uso. "Mjomba, humu ndani mna bodaboda inapita."

Ipo, na hata nikiamshwa usiku naweza kukuonyesha ilipotokea na ilikoelekea.