Ombi la nyanya kuhesabiwa

Kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar

Ndugu Mtakwimu Mkuu,

Shikamoo. Kama umri wetu ni mmoja, basi iweke akiba.

Nakuandikia nikiwa Kivukoni, hatua chache kutoka geti la boti za Unguja, nimekalia tenga tupu na mengine manne yaliyojaa yapo mbele yangu. Kila mara ofisi yako inapotangaza idadi ya wageni walioingia Zanzibar, naisikiliza redio kama mzazi anayesikiliza matokeo ya darasa la saba. Mwaka 2023 mlihesabu wageni zaidi ya 638,000. Mwaka uliofuata wakapita 736,000. Mnajua wangapi wametoka Italia, wangapi Ufaransa, wangapi Poland, nani kaja kwa ndege na nani kashukia bandarini Malindi. Wakubwa nao wanaongeza kwamba utalii ndio unaoleta takriban asilimia 80 ya fedha za kigeni visiwani. Kwa hesabu hizo nakuvika kilemba, na si cha ukoka.

Shida yangu ni nyanya.

Nyanya zangu zinatoka Ilula, mkoani Iringa. Zinateremka Kitonga usiku, zinaingia mjini kabla ya adhana ya alfajiri, na hapo ndipo zinapopangiwa maisha. Zilizoiva sana zinabaki kwa mama ntilie wa Feri. Ngumu, nyekundu, zenye sura ya kupigwa picha, hizo ni za Unguja. Hoteli inataka nyanya za saizi moja, kila siku, mwaka mzima, masika na kiangazi, na mkulima wa shamba dogo kisiwani akishindwa wiki moja tu ndiyo basi tena. Kwa hiyo zangu zinapanda chombo cha mizigo, na kesho yake zimekatwa duara kwenye sahani ya mgeni wa Nungwi. Mgeni huyo alishalipa kila kitu akiwa kwao, kabla hajafunga begi: chumba, chakula, kinywaji, na nyanya humohumo. Hela ikapita kwanza kwa wakala wa hukohuko Ulaya, akamega lake, ndipo iliyobaki ikafuata njia ya bahari.

Nikamuuliza kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyesomea uchumi: nyanya hizi zinaingia wapi kwenye pato la Zanzibar? Akacheka. Akaniambia anachotumia mgeni kinajumlishwa, lakini nyanya ya Bara ikishavuka ni bidhaa iliyoingizwa, kwa hiyo inatolewa. Nilinyamaza muda mrefu, Ndugu yangu. Anayekula nyanya ni wa kujumlisha. Nyanya yenyewe ni ya kutoa!

“Na mimi nikivuka kudai deni langu?” nikamuuliza.

“Wewe Mtanzania. Kwenye wageni wa kimataifa humo.”

Kumbe ndani ya boti ya saa moja asubuhi tuko abiria wa aina mbili: yule anayelipa nauli ya mgeni, ambaye ni takwimu, na mimi ninayetapika kwenye mfuko katikati ya mkondo bila kuingia kwenye kumbukumbu yoyote.

Naomba basi mniongezee safu moja tu kwenye jedwali lenu: “Vilivyovuka kutoka Kivukoni.” Itajaa haraka. Chukua ile michoro ya twiga na tembo inayoning'inia kila uchochoro wa Mji Mkongwe. Edward Saidi Tingatinga aliianzisha hapahapa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini twiga wake bado anauzwa kama kumbukumbu ya Zanzibar, kisiwa ambacho mnyama wake wa fahari ni kima punju wa Jozani. Au wale vijana wa Kimaasai wa ufukweni. Wanapita hapa getini na rungu zao, wanapanda boti kama mimi, na wiki moja baadaye mtu wa Milano anapiga nao picha mbele ya bahari. Sijui huko kwao anaieleza vipi hiyo picha.

Umeme nisiutaje sana. Mei 2008 njia ya umeme unaovuka bahari kutoka Ras Kiromoni, huku kwetu Bara, iliharibika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Umeme kurudi tu, Waziri Mkuu Pinda akasimama bungeni kusema Zanzibar si nchi, na moto wa aina nyingine ukawaka. Desemba 2009 giza likarudi, likakaa mpaka Machi 2010. Mimi kwenye mjadala ule simo. Nchi au si nchi, friji zilikuwa zimezima na nyanya zilikuwa zangu.

Najua na ninyi mna lenu. Miaka nenda rudi Wazanzibari wamelalamika kwamba mtu akishuka bandari ya Dar na televisheni moja ya kumpelekea shangazi, anadaiwa ushuru kana kwamba katoka Dubai. Wana haki. Ila tazama bahati: televisheni yenu ikifika kwetu inageuka mgeni, nyanya yangu ikifika kwenu inageuka ya kutoa.

Jambo la mwisho ni bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anakata bima ya dola 44 kabla ya kuingia Zanzibar, akiugua atibiwe, mzigo ukipotea afidiwe. Nyanya nazo husafiri, huugua na hupotea. Bahari ikichafuka siku mbili, chombo hakiondoki, na ninachobaki nacho gatini ni rojo. Dola 44 sina. Kama kuna bima ya nyanya ya shilingi elfu mbili kwa tenga, nitalipa leo.

Wachukuzi wananiita, chombo kinapakia. Jibu lako mpe yeyote anayevuka kuja huku, nipo hapahapa. Na tafadhali waambie wa hotelini wakishamaliza wayarudishe matenga. Wiki iliyopita yalivuka kumi, yakarudi sita.

Mimi,
Muuza nyanya, Kivukoni