Mhakiki wa Jalada

Kitabu kipya cha Kitui au Makueni, kule Ukambani, kikitoka, mhakiki wa Nairobi huwa amemaliza kazi kabla ya kukifungua: aya ya kwanza ukame, ya pili uchawi, ya tatu vinyago. Jaladani pana mbuyu na jua linalozama. Kurasa za ndani za nini? Nakala aliyopewa bure bado kurasa zimegandana.

Na vitabu vya huko si vigeni: John Mbiti wa Kitui alikwisha kuchapisha hadithi za Wakamba mwaka 1966, na David Maillu wa Makueni akauza riwaya kama njugu miaka ya 1970, wasomi wakizibeza mchana na kuzisoma usiku. Ukame upo kweli, lakini umeshika zaidi uhakiki. Bwana mkubwa, soma kwanza, ndipo uhakiki.